Nani Amebadilika Mwishoni? Vitabu vya Picha kwa Mtoto Aliye Tofauti Nyumbani

Chukua kitabu chochote cha picha kinachomhusu mtoto asiyefanana na wenzake nyumbani, ufunue kurasa nne za mwisho kabla ya kusoma za mwanzo. Angalia nani amebadilika. Kama aliyebadilika ni mtoto, yaani ameacha kelele zake, amejifunza kuongea kama ndugu zake au ameota manyoya ya rangi inayokubalika, kitabu hicho kinamwambia msomaji mdogo kwamba nafasi yake nyumbani ina masharti. Kama waliobadilika ni watu wa nyumbani, wamejifunza jambo, wamesogeza kiti, wamepunguza sauti, basi huenda umeshika kitabu kizuri. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na hukamata makosa mengi kuliko kusoma maelezo ya nyuma ya jalada, ambayo karibu yote huahidi upendo na kukubalika.

Kosa linalorudiwa mno ni la mtoto shujaa. Ana masikio makubwa kuliko ya ndugu zake, wanamcheka, anajitenga. Usiku mmoja hatari inakuja, masikio yanaisikia kabla ya wote, familia inaokoka, sherehe inafanywa. Mwandishi alikusudia mema. Lakini mtoto wa miaka 4 hushika mfuatano wa matukio kama ulivyo: aliwaokoa, ndipo wakampenda. Sasa mfikirie mtoto ambaye tofauti yake haimfai mtu yeyote, anayechelewa kutembea, au anayeziba masikio na kulia kwenye makelele. Yeye hana cha kuokoa. Kwa hiyo, liondoe tukio la ushujaa kichwani mwako, kisha uangalie kama mtoto wa kitabuni bado ana sahani mezani, mahali pa kulala, na mtu anayemwita kwa jina lake. Akivikosa, kitabu kinafundisha kwamba mapenzi ni ujira.

Kitabu cha namna hiyo kikiwa tayari kimo ndani, hakuna haja ya kukitupa. Kaa kwenye ukurasa ulio kabla ya hatari. Mwulize mtoto, "Hapa, kabla hawajaokolewa, nani anampenda?" Mtafuteni pamoja kwenye picha. Mara nyingi mchoraji amemweka bibi dirishani, au mdogo mtu aliyeshika pindo la shati lake, na maandishi hayasemi lolote kumhusu. Asipopatikana mtu, liseme waziwazi: hapa hayupo, na angepaswa kuwepo.

Halafu iko hadithi ambayo watu wazima wengi huikimbilia, ile aliyoitoa Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, mwaka 1843, ya kifaranga anayeanguliwa miongoni mwa bata akachekwa kwa sura yake. Anakimbia, anateseka majira ya baridi, na mwishoni anagundua kwamba yeye ni ndege mwingine kabisa, mzuri kuliko wote, naye anapokelewa na ndege wa aina yake. Mtoto anayeonewa na wenzake mtaani hupata faraja hapo. Mtoto aliyeasiliwa, au mwenye rangi isiyofanana na ya wazazi wanaomlea, anaweza kusikia jambo jingine: kwenu si huku, kwenu ni kwa wanaofanana nawe. Ni hadithi nzuri, lakini haifanyi kazi hii, na sishauri mtu aiteue kwa ajili hiyo. Tahadhari hiyohiyo ihusu vitabu vyote ambamo familia ni ya wanyama wa jamii moja na mtoto ni wa jamii nyingine. Vipo vilivyofanikiwa, lakini mwisho wake lazima mtoto abaki nyumbani kwa wale waliomlea akiwa vilevile alivyo.

Tofauti si ya aina moja

Kitabu cha "kila mtu ni wa kipekee" hakimsaidii mtu hasa. Mtoto hutafuta jambo lake lenyewe, na undani ukikosewa anagundua mapema kuliko mnunuzi.

Kuhusu kuasiliwa, ninatazama mambo matatu. La kwanza ni kama wazazi waliomzaa wametajwa. Wakifutwa kabisa, mtoto anajifunza kwamba hawaulizwi. La pili ni maneno: "mama wa kweli" au "wazazi halisi" yasitumike kwa upande wowote, kwa sababu yanamlazimisha mtoto kuamua nani ni wa uongo. "Mama aliyekuzaa" na "mama anayekulea" yanatosha. La tatu ni ile simulizi ya kuchaguliwa, kwamba tuliwatazama watoto wengi tukakuchagua wewe. Inasikika tamu, lakini anayechaguliwa anaweza kuanza kuogopa siku ya kutochaguliwa, naye akaishi kwa kujitahidi asikosee. Umri nao una uzito. Mtoto wa miaka 3 hufurahia sehemu ya kupokelewa tu. Kuanzia takriban miaka 6 au 7 huanza kuelewa kwamba kupokelewa huku kulitanguliwa na kuachwa kule, na maswali yanageuka. Kitabu kilichomtosha mwanzoni kinaanza kuonekana kama kimemficha jambo. Hapo tafuta kingine chenye angalau kurasa mbili ambamo huzuni inakaa bila kufutwa na tabasamu la ukurasa unaofuata.

Zitazame na methali. "Damu ni nzito kuliko maji" na "mtoto wa nyoka ni nyoka" huingia kwenye vitabu vya watoto kwa mazoea tu, na kwa mtoto aliyeasiliwa au wa kambo kila moja ni mwiba.

Kwa familia yenye rangi mbalimbali za ngozi, chunguza rangi yenyewe. Fungua ukurasa wa furaha na ukurasa wa huzuni, uviweke karibu na mwanga. Wachoraji wengi, bila kukusudia, humfanya mtoto mweupe zaidi kwenye furaha na mweusi zaidi kwenye huzuni. Tazama pia kama watu wa familia wana kivuli kimoja cha kahawia walichomiminiwa wote, wakati ndugu wa tumbo moja huwa hawalingani. Na rangi ya ngozi isielezwe kwa majina ya vyakula, kwa kuwa ngozi ya mtu si kitu cha kuliwa.

Ualbino ni mahali ambapo ujinga wa mchoraji huonekana haraka. Macho hupakwa wekundu, wakati kwa kawaida ni ya buluu, ya kijivu au ya kahawia hafifu. Mtoto anachorwa akikimbia juani kichwa wazi, mikono wazi, ilhali kitabu sahihi kingemvisha kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu bila kuligeuza kuwa somo. Anachorwa akisoma kitabu kikiwa mapajani, ilhali wengi wana uoni hafifu na hukileta karibu na uso. Maelezo ya asili yake nayo yanahitaji usahihi, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapouliza mbona mama na baba hawako hivi. Katika ualbino wa ngozi na macho, kwa kawaida mtoto hurithi nakala moja ya jeni iliyobadilika kutoka kwa kila mzazi, wazazi wenyewe wasionyeshe dalili yoyote, na wazazi wa namna hiyo huwa na uwezekano wa 1 kati ya 4 katika kila mimba. Kitabu kinaweza kusema kwa urahisi: kidogo kutoka kwa mama, kidogo kutoka kwa baba, ndipo ukawa wewe. Sentensi hiyo inamfunga mtoto na wazazi wote wawili, na ni kweli. Umbo la kitabu pia lina uzito hapa. Karatasi inayong'aa hurudisha mwanga machoni, kwa hiyo tafuta isiyong'aa, herufi kubwa zenye weusi wa kutosha, na maandishi yasiyopandishwa juu ya picha.

Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanaozaliwa viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo kitabu cha mtoto kiziwi karibu kila mara ni kitabu cha mtoto aliye tofauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tazama mikono ya watu wengine. Kama mtoto peke yake ndiye anayetumia ishara na wengine wanafungua midomo, familia haijabadilika. Tazama pia kama ishara zilizochorwa zinasomeka, yaani umbo la kiganja, mahali inapoanzia na upande inakoelekea, na kama ni za lugha ya alama ya mahali hapo, maana lugha hizo hutofautiana nchi kwa nchi. Wakati wa kusoma naye, simamisha kitabu mezani ili mikono yako iwe huru, umwache aitazame picha mpaka amalize, ndipo uanze ishara. Hawezi kutazama vyote viwili kwa wakati mmoja, na anayeharakisha humnyima kimojawapo.

Vya watoto wa kambo nitavipitia kwa haraka: mtoto awe na kitanda na mswaki katika kila nyumba anayolala, asilazimishwe kumwita mtu mama au baba kufikia ukurasa wa mwisho, na mama wa kambo asiwe mwovu kwa sababu tu ni wa kambo.

Walio wachache kwenye rafu ni watoto ambao tofauti yao haina jina la hospitali: mkimya katika nyumba ya wasemaji, anayetumia mkono wa kushoto, asiyependa mpira katika familia ya wachezaji. Tofauti hizi zinaonekana ndogo kwa mtu mzima, na ndiyo sababu mtoto hubaki nazo peke yake. Nikikuta kitabu kama hicho kimeandikwa vizuri, nakinunua hata kama hakuna mtoto wa kumpa siku hiyo.

Picha husema kabla ya maneno

Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Sababu ni ya uchapaji: kurasa huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, hivyo idadi huenda kwa mafungu ya 8 au 16. Ukiondoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki, hadithi inabakiwa na takriban mifunuo 12 hadi 14, nikiwa na maana ya kurasa mbili zinazotazamana. Pitia mifunuo hiyo bila kusoma neno, ukihesabu.

Hesabu mifunuo ambayo mtoto yuko peke yake, au anachekwa. Kwangu, ikizidi 3 kati ya 14 ni mingi mno. Waandishi hupenda kurefusha mateso ili mwisho uwe mtamu, lakini mtoto mdogo hukumbuka kilichorudiwa. Lipo na kosa baya zaidi: maneno ya kumcheka yamepangwa kwa vina, na jibu limeandikwa kwa maneno ya kawaida. Watoto wataondoka na wimbo wa kucheka, na jioni hiyohiyo ndugu zake wataanza kuuimba. Kusiwe na kejeli yenye vina, au kama ipo, jibu liwe na vina bora kuliko yenyewe.

Angalia kisha mkunjo wa katikati ya kitabu. Mchoraji mzuri huutumia kama ukuta: mtoto ukurasa wa kushoto, familia ukurasa wa kulia. Swali ni kama kuna mkono, kivuli au mkeka unaovuka mkunjo kadiri hadithi inavyosonga, na nani anauvuka kwanza. Mtoto akivuka mwenyewe kila mara, bado yeye ndiye anayebisha hodi. Fuata pia macho ya watu. Picha ya familia ambayo wote wamemkodolea yeye humfanya kuwa maonyesho, hata kama wanatabasamu. Kukaa pamoja kwa kweli huchorwa kwa watu wanaogusana wakifanya jambo lingine: mmoja anasuka, mwingine anamenya, mtoto ameegemea goti la mtu.

Namna ya kumsomea

Kisome peke yako kwanza, kwa sauti. Kitabu cha maneno 300 hadi 400 huchukua takriban dakika 4 kusomwa mfululizo, lakini ukisoma na mtoto tenga dakika 12 au 15. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu usomaji wa mazungumzo, ambamo mtu mzima humwuliza mtoto maswali, hupanua majibu yake, na polepole humwachia asimulie yeye. Kati ya maswali yanayotumika katika njia hiyo lipo la kuunganisha kitabu na maisha ya mtoto mwenyewe. Kwa vitabu vingi swali hilo ni zuri. Kwa hivi, liweke mwisho kabisa, au usiliulize.

Sababu ni hii: mtoto anapokuwa salama akimzungumzia mtoto wa kitabuni, mtu mzima anaruka na kusema, "Kama wewe!" Mazungumzo hufa palepale. Amewekwa mbele ya watu, na jambo alilokuwa analitazama kwa mbali limemrukia usoni. Mzungumzie mhusika. "Anawaza nini hapa? Angependa nani aje kukaa karibu naye?" Subiri jibu kwa pumzi mbili au tatu kabla ya kuongeza neno. Akitaka kusema "kama mimi", atasema mwenyewe, pengine siku nyingine akiwa anaoga. Ukifika ukurasa wa huzuni usiufunue haraka kwa kuogopa machozi, kwa sababu mtoto husoma pia mwendo wa mkono wako.

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto wa Marekani, aliandika kwamba vitabu vinaweza kuwa vioo vya kujiona, madirisha ya kuwaona wengine, na milango ya kioo ya kuingilia kwenye maisha ya wengine. Ndani ya familia moja, kitabu kilekile ni kioo kwa mtoto huyu na dirisha kwa dada yake. Kwa hiyo kisome kwanza na yule ambaye ni kioo kwake, nyinyi wawili tu, mara mbili au tatu, kabla ya kukileta mbele ya wote. Awe tayari anakijua, ajue inakoishia, ili ndugu wakicheka au kuuliza yeye ndiye mwenyeji. Halafu usimjazie rafu ya vitabu vya hali yake. Kati ya 10, viwili au vitatu vinatosha. Vilivyobaki viwe na watoto kama yeye wanaotafuta paka aliyepotea au kugombania zamu ya bembea, bila hali yao kuwa ndiyo hadithi.

Ukikosa, tengeneza

Kwa tofauti nyingi hutapata kitabu kinachofaa, na cha nyumbani kitafanya kazi vizuri. Karatasi 4 za A4 zikikunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine hutoa kurasa 16 za A5. Tengeneza kwanza cha majaribio, kidogo na kitupu, uandike namba za kurasa kwa penseli, kisha ukifumue uone kila karatasi imebeba nini. Ya nje hubeba 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Inayofuata 14 na 3, 4 na 13. Kisha 12 na 5, 6 na 11. Ya katikati 10 na 7, halafu 8 na 9. Namba mbili zinazokaa pamoja zikijumlishwa lazima zitoe 17. Anayeruka hatua hii hugundua baada ya kuchora kwamba ukurasa wa 3 uko kando ya wa 14.

Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu. Inabaki mifunuo 7 na ukurasa mmoja wa kufungia. Mfunuo wa 8 na 9 ndio pekee ambao ni karatasi moja isiyokatika, kwa hiyo picha inaweza kupita mkunjo bila kuachana. Hapo weka picha ya familia nzima. Ikiwa katikati, kabla tatizo halijatatuliwa, inamwonyesha mtoto kwamba hata siku mambo yakiwa magumu yeye alikuwa miongoni mwao. Kwenye mifunuo mingine acha sentimita 1 kila upande wa mkunjo bila uso wa mtu, vinginevyo uzi utapita kwenye pua. Maneno yakae sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Kila mfunuo upewe maneno 20 hadi 30, ambayo kwa kitabu kizima yanakaribia 200. Ukizidisha, utajikuta unaeleza kilicho tayari kwenye picha.

Usiandike mambo ambayo ni siri ya mtoto. Kitabu chake atakionyesha kwa kila mgeni, na habari za jinsi alivyopatikana, au sababu za waliomzaa kutomlea, si za wageni. Hizo msimulie kwa mdomo, au ziandike kwenye daftari tofauti linalokaa kwako.

Kushona ni matundu 3 kwenye mkunjo: moja katikati na mengine sentimita 7 juu na chini yake. Uzi wa sentimita 60 unatosha. Anza ndani, tokea nje kwa tundu la katikati, rudi ndani kwa la juu, liruke la katikati, tokea nje kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe pande mbili za ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake. Zikiwa upande mmoja, fundo litalegea na kurasa zitacheza. Kurasa za katikati zitachomoza kidogo kuliko za nje. Ukimaliza kushona, kata ukingo wa mbele milimita 2 au 3 kwa wembe na rula.

Familia ikiongezeka mtu, mtoto mwingine au mama wa kambo aliyehamia, kata uzi, zungusha karatasi mpya nje ya zote, ushone upya kwenye matundu yaleyale. Utapata kurasa 2 mpya mbele na 2 nyuma, jumla 20, na ukurasa wa 1 wa zamani utakuwa wa 3. Namba zikiwa za penseli, kuzibadilisha ni kazi ya kifutio tu.